Kumtafuta Mchawi Ndani ya Kasha

Kompyuta isiyowaka kabisa ina uungwana wake. Unabonyeza swichi, kimya. Unabonyeza tena, kimya vilevile. Imeshakwambia yote iliyo nayo, na kuanzia hapo kazi ni ya kawaida: kagua waya, kagua pawa saplai, toa hiki weka kile mpaka feni izunguke. Fundi mwenye subira ya asubuhi moja ataimaliza. Inayonishughulisha mimi ni ile nyingine, mpya, iliyounganishwa nyumbani kwa fedha za kujinyima, inayowaka vizuri na kufungua mafaili upesi kuliko mashine yoyote iliyowahi kuingia humo ndani, halafu siku isiyo na jina inajizima bila kuaga. Ukiiwasha inawaka. Ukikaa kuivizia irudie, hairudii. Ukishasahau, inarudia.

Mpwa wangu anayo ya namna hiyo. Kazi yake ni kuhariri video: harusi, sendofu, nyimbo za wasanii ambao hawajajulikana bado. Kompyuta ameinunua kipande kwa kipande, prosesa na mazabodi kutoka Kariakoo, RAM kwa kumwagiza jamaa aliyekuwa anarudi kutoka Dubai, kasha la mtumba, na vyote akaviunganisha mwenyewe juu ya meza ya chakula. Simu zake huja usiku.

"Shikamoo anko. Imezima tena."

"Marahaba. Ulikuwa unafanya nini?"

"Hata sikuwa naigusa. Nilikuwa nakula."

Jibu la namna hiyo linakata maini. Angesema imezima wakati inatoa video, tungeshuku joto. Angesema imezima alipochomeka flashi, tungeanzia kwenye tundu la USB. Mashine inayozima ikiwa imekaa tu haikuachii pa kushika. Tunasema inazima ovyo, lakini kompyuta haijui ovyo. Kila kuzima kuna masharti yaliyotimia sekunde ileile, joto kadhaa, volteji kadhaa, namba kadhaa mahali kadhaa kwenye kumbukumbu; ni sisi tu tusioyaona.

Na pale tusipoona, nyumba nzima huanza kumtafuta mchawi. Mama yake mpwa wangu anasema ni joto la Dar, mashine za watu wa baridi haziwezi kuja kukaa huku. Rafiki yake anasema ni draiva za kadi ya picha. Muuzaji wa prosesa anasema ni umeme. Fundi wa mtaani, kabla hajamaliza kuelezwa, ameshatoa hukumu: "Bosi, hiyo tupige Windows tu." Kinachoudhi ni kwamba hakuna aliyesema upuuzi. Kila sababu waliyoitaja inaweza kuzima kompyuta, na zote zikizima huzima kwa sura zilezile chache: skrini ya bluu, skrini nyeusi, au picha iliyoganda huku spika ikirudia silabi moja.

Mchukue huyo anayelaumu umeme. Ni rahisi kumcheka, kwa kuwa muuzaji kuusingizia umeme ni jambo la kila siku. Lakini umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Pawa saplai ya kompyuta inayofuata kiwango cha ATX inatakiwa kuhimili kukatika kwa umeme kwa takriban milisekunde 16 au 17 tu ikiwa imebeba mzigo wake. Mzunguko mmoja ukikosekana, mara friji ya jirani inapoamka, taa ya sebuleni huenda isionyeshe chochote unachoweza kukikumbuka, nayo kompyuta imeshazima. UPS iliazimwa nyumba ya pili, ikawekwa. Mashine ikaendelea kuzima, ingawa mara chache zaidi, au tulidhani mara chache zaidi. Hapo muuzaji alikuwa na kosa, au alikuwa na nusu ya haki, na hatukuwa na namna ya kujua ni lipi.

Windows nayo huweka kumbukumbu ya matukio, na wengi hukimbilia huko kwa matumaini. Wanakuta mstari wenye namba 41, Kernel-Power, unaosema kwamba kompyuta iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Hilo ulishaliona kwa macho yako. Kuna jambo moja dogo la maana, nalo ni kuondoa ile alama inayoiagiza Windows ijiwashe yenyewe baada ya kuanguka. Bila hivyo skrini ya bluu hupita kabla hujaisoma, nawe unabaki ukibishana na wenzako kama ilikuwepo au haikuwepo.

Wala usidhani ujumbe ukishausoma ndio umefika. Kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi katikati ya 2024, watu waliokuwa na prosesa kali za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 waliona gemu zao zikikatika na maneno kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Kadi zilikuwa na nafasi tele. Kilichokuwa kinakosea ni prosesa: ilikuwa ikiharibu hesabu wakati wa kufumua data iliyobanwa, na programu ilipopokea takataka ikazitafsiri kuwa uhaba wa kumbukumbu. Watu wakahangaika na draiva na kadi zisizo na hatia. Julai 2024 kampuni ikatangaza kwamba prosesa hizo zilikuwa zikiomba volteji kubwa kupita inavyofaa. Agosti ikatoa marekebisho ya maikrokodi, Septemba ikaongeza mengine, na dhamana ikarefushwa kwa miaka miwili. Prosesa iliyokwisha kuumia haikuponywa na marekebisho hayo. Nikilifikiria jambo hilo huwa narudi kwenye kitu kimoja: nyingi ya prosesa hizo zilikuwa nzima siku ya kununuliwa. Zilichakaa taratibu mezani kwa watu. Kila kipimo cha siku ya kwanza kilikuwa kweli, na kila imani iliyojengwa juu ya kipimo hicho ilikuwa na mwisho wake.

Mtu aliyeiandika vizuri zaidi tabia hii ya mashine ni Jim Gray, aliyekuwa akifanya kazi Tandem, kampuni ya Marekani iliyojenga kompyuta za mabenki zilizokusudiwa zisisimame kamwe. Mwaka 1985 aliandika ripoti akiuliza kwa nini kompyuta husimama. Alihesabu: hitilafu za vifaa zilichukua asilimia 18 tu, programu asilimia 25, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 42, lilitokana na kazi za watu wanaoziendesha na kuzihudumia. Hata hivyo kinachonivuta zaidi si hesabu hizo. Gray aligawa hitilafu za programu katika aina mbili: zile ngumu, ambazo ukirudia hatua zilezile zinarudi zilezile, na zile laini, ambazo ukizitazama zinatoweka. Akaeleza kwamba zile ngumu hukamatwa kiwandani, wakati wa majaribio, kwa sababu hazijui kujificha. Kwa hiyo zinazobaki, zinazomfikia mteja, ni hasa zile laini. Majaribio ya kiwandani ni chekecheo linalopitisha hitilafu zenye hila. Na ndiyo maana ushauri wa "zima, washa tena", tunaoucheka kila mtu akiutoa, una heshima yake ya kitaaluma: hitilafu laini mara nyingi haitaki zaidi ya hapo.

Sasa nirudi kwa fundi wetu na Windows yake. Kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, kumekuwa kwetu kama vidonge vya malaria vilivyokuwa zamani: homa yoyote, meza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Vidonge havikuwa vibaya. Lakini homa nyingi hushuka zenyewe, na mtu aliyemeza kidonge kisichohusika huondoka akikisifu. Kompyuta ya mpwa wangu ilipigwa Windows, ikatulia, na fundi akasifiwa mtaa mzima. Ilipozima tena, sifa hazikurudishwa.

Hapa pana hesabu ambayo natamani ingebandikwa ukutani katika kila duka la ufundi. Chukua mashine inayozima kwa wastani mara moja katika siku 4, bila ratiba. Badilisha kitu chochote, hata kisichohusika kabisa, hata stika iliyobandikwa nje ya kasha. Uwezekano wa mashine hiyo kumaliza siku 4 zinazofuata bila kuzima, kwa bahati tupu, ni kama asilimia 37. Yaani katika kila watu watatu watakaobandua stika, mmoja na ushee atakwenda akiapa kwamba stika ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Ukitaka bahati hiyo ishuke mpaka asilimia 5, subiri siku 12, mara tatu ya ule wastani. Ukiwa na washukiwa 6 na ukitaka kuwapima mmoja mmoja kwa uaminifu huo, ni siku 72. Nani anazo? Mpwa wangu ana harusi ya watu ya kukabidhi Jumamosi.

Ndiyo maana siwezi kumlaumu anayebadilisha vitu vinne kwa mpigo. Wataalamu wanamkemea, kwamba ikipona hatajua kilichoiponya, na ni kweli hatajua. Lakini kujua nako kuna gharama, na si kila mtu anayehitaji kompyuta anahitaji pia elimu yake. Mwenye maabara iliyojaa vipande vya akiba ataondoa prosesa hii na kuweka ile, atajaribu mazabodi ya pili, atalinganisha. Nyumbani una kimoja cha kila kitu. Kupima kwako ni kuazima: RAM ya rafiki kwa usiku mmoja, pawa saplai ya ofisini mwisho wa juma, na shukrani za kutosha ili uweze kuazima tena.

Njia iliyopo ni kuigeuza hesabu yenyewe. Kama kuzima mara moja kwa siku 4 kunakulazimu kusubiri siku 12, basi ifanye izime kila baada ya dakika kumi, nawe utasubiri nusu saa. Siri ya kazi hii nadhani iko hapo, na inakwenda kinyume na silika: badala ya kuibembeleza mashine isiumwe, unaitafutia ugonjwa wake kwa makusudi. MemTest86, programu iliyoandikwa mara ya kwanza na Chris Brady mwaka 1994, inawashwa kutoka kwenye flashi bila Windows yoyote, na kazi yake ni kuandika namba kila pembe ya RAM na kuzisoma tena, usiku kucha, kwa mipangilio iliyobuniwa ili sehemu dhaifu zijitaje. Prime95 ina asili ya ajabu zaidi. George Woltman aliianzisha mwaka 1996 ili watu wachange nguvu za kompyuta zao za nyumbani kutafuta namba tasa kubwa kupita kiasi. Hesabu za namna hiyo zinachukua muda mrefu na kosa dogo moja linaziharibu zote, basi ikabidi programu iwe na kipimo cha kuithibitisha mashine kwanza. Leo wengi wanaoiwasha hawana haja na namba tasa hata moja. Wanataka kuona kama prosesa yao itahimili kuchemshwa.

Kuna jibu ambalo wapenda sayansi hulitoa mapema mno, la miale kutoka angani. Lina ukweli wake. Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba chembe za alfa, zilizotoka kwenye mabaki ya urani na thori katika kauri iliyofunikia chipu, zilikuwa zikigeuza biti za kumbukumbu. Na Mei 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alipewa na kompyuta kura 4,096 za ziada, namba ambayo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, biti moja tu iliyogeuka. Uchunguzi haukupata kasoro kwenye programu wala mashine. Kisa kitamu, nami hukisimulia. Lakini Google ilipochunguza seva zake na kutoa matokeo mwaka 2009, zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilikuwa na makosa katika mwaka mmoja, na makosa yalikuwa yakirudi kwenye vipande vilevile. Miale isingechagua. Mwenye kompyuta mpya inayozima kila wiki aachane na mbingu, akague sloti.

Tuliwasha MemTest86, basi, usiku, kasha likiwa wazi na feni ya mezani ikipuliza ndani. Kabla ya kulala mpwa wangu alishapiga picha ya mistari myekundu ya makosa. Nilitarajia furaha, badala yake yalianza maswali mengine. Kulikuwa na vipande viwili vya RAM, vya aina moja, vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Tulipokitoa cha kwanza, cha pili kilipita bila kosa. Tulipobadilishana, kile cha kwanza nacho kikapita. Vikikaa pamoja, mistari inarudi. Vikikaa pamoja lakini kwa kasi ya chini, inatoweka.

Boksi la RAM hizo limeandikwa 3200. Mnunuzi huisoma namba hiyo kama anavyosoma kilo kwenye mfuko wa sukari. Lakini RAM za kizazi hicho, DDR4, kwa kawaida huamka kwa kasi ya tahadhari kama 2133, na ile 3200 ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM peke yake, unayoikubali kwa kuwasha kipengele cha XMP ndani ya BIOS. Mtengenezaji wa mazabodi hakuitia saini. Mtengenezaji wa prosesa, ambaye ndani ya chipu yake ndimo anamokaa msimamizi wa kumbukumbu, naye huihesabu kasi iliyo juu ya kiwango chake kuwa ni hiari yako mwenyewe. Vipande vinavyouzwa kama jozi katika boksi moja vimepimwa vikiwa pamoja. Hivi vya mpwa wangu vilikutana kwa mara ya kwanza kwenye meza ya chakula.

Kwa hiyo mchawi ni nani? Nimelizungusha swali hili kichwani na sipati wa kumkamata. Kipande cha kwanza kizima, cha pili kizima, mazabodi inaendesha RAM nyingine za kuazima bila tatizo, prosesa haina doa. Kosa halimo ndani ya kitu chochote kinachoweza kurudishwa dukani. Limo kati yao, katika kukutana kwao kwa kasi fulani na joto fulani. Sisi tuna mazoea ya kutafuta kilichooza ili tukitupe, na mazoea hayo yanafaa kwa maembe. Kompyuta iliyounganishwa nyumbani ni makubaliano ya watengenezaji wasiojuana, na mwenye nyumba ndiye mdhamini pekee wa makubaliano hayo, ingawa hakuna aliyemwambia.

Ameishusha kasi ya RAM, ameacha UPS palepale, na video zinachelewa kidogo kutoka. Mashine imenyamaza. Kimya hiki nakiamini kuliko kile cha fundi, kwa sababu tuliiona hitilafu ikija tulipoiita na ikiondoka tulipoiondolea sharti lake. Kama kesho itazima kwa sababu nyingine, tutaanza upya kwa njia ileile.

Lipo jambo moja ambalo teknolojia haina lawama nalo, nalo ni kaunta ya dukani. Hitilafu ya kuja na kuondoka haina haki katika biashara yetu. Mnunuzi anarudi na kasha mgongoni mwa bodaboda, muuzaji anachomeka waya, mashine inawaka, wateja wengine wanatazama, na kesi imekwisha. Ukutani pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria hiyo ya ukutani inajua kifaa cha aina mbili tu, kinachowaka na kisichowaka, na aliyepata cha aina ya tatu anaonekana mlalamishi, au mtu aliyeharibu mwenyewe akaja kutafuta pa kuangushia. Wenye kubeba hasara ni vijana haohao waliojinyima, wanaouza kile kipande kwa bei ya kutupa kwa kijana mwingine, bila kusema lolote, na mzunguko unaendelea.

Kwa hiyo ninyi mnaouza vipande hivi Kariakoo, barabara ya Luthuli kule Nairobi, na popote mlipo, nawaombeni: mpeni mnunuzi siku 7 za kupima, na mkubali picha ya kipimo cha kumbukumbu kuwa ushahidi, kwa sababu katika kipimo hicho kosa moja tu linatosha. Nawe unayenunua, nunua RAM ya jozi katika boksi moja, na uwashe kipimo usiku wa kwanza kabla hujaweka hata wimbo, risiti ikiwa bado mfukoni.